Nyumba Inanuka Mbwa: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Masika ya mwaka juzi nilikuwa namwogesha mbwa wangu, Popi, mara tatu kwa wiki. Ndoo mbili za maji, sabuni ya mche ile ya kufulia, na kusugua mpaka mikono inauma. Akikauka alinukia sabuni hadi jioni, na kesho yake asubuhi sebule ilikuwa imerudi kule kule: harufu nzito ya mafuta yaliyochacha, imekaa kwenye kochi, kwenye pazia, hata kwenye shati langu la kazini. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo, hakuanza na ngozi. Aliinua sikio la kushoto (Popi ni chotara, masikio yake yamelala), akalikunjua, akasogeza pua, kisha akaniambia ninuse na mimi. Ndani kulikuwa na uchafu wa kahawia, laini, kama ugoro uliolowa.

"Harufu yako hii hapa," alisema.

Kumbe maji ya kuogea yalikuwa yanaingia sikioni na kubaki humo, fangasi wakapata makao. Sabuni nayo ilikuwa imemkausha ngozi hadi ikaanza kutoa mafuta mengi kujikinga. Kila nilipomwogesha, nililikuza tatizo. Toka siku ile sinunui kitu chochote cha kuondoa harufu kabla sijajua inatoka wapi.

## Hatua ya 1: Tumia pua kabla ya ndoo

Anayeishi na mbwa pua yake imeshazoea, kwa hiyo usijiamini. Funga madirisha, kaa nje kwa muda wa saa moja hivi, kisha rudi uingie ukiwa umefunga mdomo na usimame mlangoni. Pumzi ile ya kwanza ndiyo inayosema kweli. Kama una mtoto wa jirani anayezoea kuja kwenu, muulize yeye; watoto hawafichi.

Zunguka chumba kwa chumba, na uiname. Harufu ya mbwa hukaa chini: pembeni mwa kochi, kwenye ncha za pazia zinazogusa sakafu, kwenye miguu ya meza, na kwenye kona ambako dume huinua mguu.

Kisha mkague mbwa mwenyewe, sehemu moja moja, bila haraka. Nusa mdomo, sikio la kulia, sikio la kushoto, kwapa, kinena, mikunjo ya ngozi kama anayo, katikati ya vidole, na chini ya mkia. Kila sehemu ina lugha yake. Nyayo zikinukia kidogo kama bisi, hilo ni la kawaida. Mbwa hutoa jasho nyayoni na bakteria hukaa hapo. Harufu ya uchachu, kama unga uliotiwa hamira ukasahaulika, ikiambatana na ngozi yenye mafuta na kujikuna, mara nyingi ni fangasi wa ngozi. Shombo la samaki linalotokea ghafla, hasa mbwa anapostuka au akiwa anaburuza makalio sakafuni, ni tezi za mkundu. Harufu inayochoma pua ni mkojo, iwe kwenye manyoya yake au kwenye godoro lake. Uvundo wa kitu kinachooza, tafuta jino au kidonda.

Kama mbwa mzima hanuki ila nyumba inanuka, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Tenganisha uchafu na ugonjwa

Kuna harufu ambazo sabuni haiziwezi. Sikio linalonuka, lenye uchafu mweusi au usaha, mbwa akitikisa kichwa au akiinamisha upande mmoja, ni la daktari. Usijaribu kubahatisha dawa ya matone iliyobaki ya mtu mwingine, maana dawa ya bakteria si dawa ya fangasi wala ya utitiri, na ikiwa ngoma ya sikio imetoboka, dawa isiyofaa inaweza kumharibia kusikia.

Tezi za mkundu ni vifuko viwili vidogo. Ukifikiria mkundu kama uso wa saa, viko kwenye namba 4 na namba 8. Kawaida hujiminya vyenyewe mbwa anapokwenda choo kigumu. Vikiziba hujaa, huuma, na vinaweza kupasuka. Mwombe daktari azikamue mara ya kwanza na akuonyeshe. Wala usizikamue kila wiki kwa mazoea, kwa sababu tezi isiyo na shida ikichokozwa huvimba.

Pumzi yenye harufu ya mkojo inaweza kutokana na figo, na ile yenye utamu kama asetoni inaweza kuwa kisukari. Mbwa jike asiyefungwa kizazi, wiki chache baada ya joto (kipindi cha kutaka dume), akitoa uchafu unaonuka ukeni, akinywa maji mengi na kukataa chakula, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo: kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha. Mtoto wa mbwa anayeharisha damu yenye uvundo mkali pia usimngojee kesho. Na ukisikia harufu ya kuoza bila kuona kidonda, fumua manyoya kwa vidole, hasa shingoni chini ya mkanda na kwenye mapaja. Nzi hutaga kwenye kidonda kidogo kilichofichika, na ndani ya siku mbili tatu funza wamejaa.

## Hatua ya 3: Mwogeshe vizuri, na si kila siku

Mbwa asiye na ugonjwa wa ngozi anatosheka na kuoga mara moja kila wiki nne hadi sita. Anayelala ndani na kupanda kochi, labda kila wiki mbili au tatu. Kinachoshinda idadi ni namna ya kumwogesha.

Acha sabuni ya mche na shampuu yako mwenyewe. Ngozi ya mbwa ina pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu na 7, ya kwetu ni kama 5.5, na sabuni ya kufulia iko juu sana, kama 9 au 10. Duka la dawa za mifugo huuza shampuu ya mbwa, na chupa moja hudumu kwa sababu unaizimua na maji. Kwa ngozi yenye fangasi au bakteria daktari anaweza kukuandikia shampuu yenye klorheksidini. Hiyo ni lazima ikae mwilini dakika 10 kabla ya kusuuza. Tazama saa. Dakika 10 za kumshika mbwa aliyelowa ni ndefu, na wengi husuuza baada ya dakika mbili kisha wanasema dawa haifanyi kazi.

Mpige brashi kwanza, akiwa mkavu. Nywele zilizokufa zikishikana na maji hushika sabuni, na sabuni iliyobaki ndiyo muwasho wa kesho. Weka pamba kavu mlangoni mwa kila sikio, usiisukume ndani. Maji yawe vuguvugu. Anza na shingo: zungushia povu shingoni kama kola, ili viroboto wasikimbilie kichwani. Shuka mgongoni, tumboni, kinena, miguu, na usisahau katikati ya vidole wala chini ya mkia. Uso ufute kwa kitambaa chenye maji matupu. Kisha suuza, na ukidhani umemaliza suuza tena. Nywele ziteleze vidoleni zikiwa safi, maji yanayotoka tumboni yawe meupe.

Sasa kukausha, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Ile harufu ya mbwa aliyelowa haitoki kwenye maji. Bakteria na fangasi wanaoishi kwenye manyoya huacha kemikali zinazonuka. Manyoya yakiwa makavu zimetulia, maji yakianza kuvukiza yanazibeba hewani. Mbwa anayekaa na unyevu nusu siku ananuka nusu siku, na fangasi wanaongezeka. Mminye maji kwa mikono, kisha taulo la kwanza, kisha taulo la pili, bila kusugua kwa nguvu. Mpeleke juani kama saa nne asubuhi kabla jua halijawa kali, au mweke mbele ya feni. Mguse kwapani na kwenye mizizi ya manyoya. Ukisikia ubaridi, bado. Toa pamba za masikioni, futa sehemu unayoiona kwa kitambaa kikavu.

Kama unamtilia dawa ya viroboto ya matone ya shingoni, acha siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuoga. Watoto wa mbwa walio chini ya wiki 8 wasiogeshwe. Wafute tu kwa kitambaa cha uvuguvugu.

Masikio yasafishe mara moja kwa wiki au mbili kwa dawa ya kusafishia masikio ya mbwa. Njia ya sikio lake hushuka chini kisha inakata kona, kwa hiyo kijiti cha pamba kinasukuma uchafu kwenye kona hiyo. Jaza dawa, kanda chini ya sikio mpaka usikie linalia chwa-chwa, mwachie atikise kichwa, futa kilichotoka. Spiriti na siki kali visiingie sikioni.

Meno: ukoga unapogeuka kuwa gamba gumu, mswaki hautautoa tena, ni kazi ya daktari. Kabla haujafika huko, zungushia kidole shashi au kitambaa safi, upake dawa ya meno ya mbwa, sugua nje ya meno ya juu kila siku ukiweza. Dawa yetu ya meno haifai. Nyingine zina utamu unaoitwa zailitoli ambao humwua mbwa hata kwa kiasi kidogo.

## Hatua ya 4: Pahali anapolala

Godoro la mbwa ndilo chujio la nyumba nzima. Mafuta ya ngozi, mate, nywele na mkojo kidogo huingia humo kila usiku. Shona foronya mbili za kitambaa kizito ili moja ikifuliwa nyingine itumike. Kila wiki kung'uta nywele nje, fua kwa maji ya moto, kwenye maji ya mwisho weka kikombe kimoja cha siki nyeupe, anika juani mpaka ikauke kabisa. Sponji ya ndani ipigwe jua pande zote mbili. Ikiwa imelowa mkojo mara nyingi, itupe. Nimejaribu kuokoa mbili na zote zilirudisha harufu siku ya kwanza ya mvua.

Kwa mbwa wa banda: sakafu ya saruji iwe na mteremko wa maji kutoka, na mbwa alale juu ya mbao zilizoinuliwa angalau kiganja kimoja kutoka chini. Maranda yabadilishwe yakishalowa, usiongeze mapya juu ya mabovu. Kinyesi kiondolewe kila siku asubuhi na jioni. Kuta zikipakwa chokaa mara mbili kwa mwaka, mbwa akiwa nje mpaka ikauke, banda hubaki kavu na lenye mwanga.

## Hatua ya 5: Mkojo

Sehemu hii inahitaji subira kuliko zote. Mkojo mbichi haunuki sana. Urea iliyomo huvunjwa na bakteria ikawa amonia, ile inayochoma pua, na pamoja nayo hubaki fuwele za asidi ya yuriki ambazo haziyeyuki vizuri kwenye maji. Ndiyo maana unadeki, panakauka, panakuwa safi, halafu hewa ya masika ikiingia harufu inaamka upya pale pale.

Kutafuta madoa ya zamani, azima ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka na mawakala wa pesa hukagulia noti bandia. Zima taa usiku, mulika sakafuni na chini ya kuta kwa karibu. Mkojo uliokauka hung'aa kwa manjano hafifu au kijani. Siku niliyofanya hivi kwangu nilikuta madoa saba. Nilikuwa najua matatu. Chora duara kwa chaki kabla hujawasha taa.

Mkojo mbichi: weka kitambaa kikavu, kikanyage kwa kisigino, badilisha, kanyaga tena mpaka kitoke kikavu. Usisugue, unausambaza. Mwaga maji baridi kidogo, kanyaga tena.

Doa la zamani: njia bora ni dawa yenye vimeng'enya (enzaimu), maana vimeng'enya huvunja kile kinachonuka badala ya kukifunika. Usipoipata, sabuni ya unga iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina vimeng'enya husaidia kiasi. Iyeyushe kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto. Lowesha eneo pana kuliko doa, maana chini mkojo umetanuka. Funika kwa nailoni lisikauke, acha usiku mzima. Vimeng'enya hufanya kazi vikiwa na unyevu, na mtu akipulizia na kufuta palepale amepoteza hela. Asubuhi kanyagia kitambaa, acha pakauke, nusa, rudia. Doa la miaka linaweza kutaka mara tatu.

Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hutuliza amonia na ni msaada mzuri kwenye vigae na sakafu laini. Ijaribu kwanza kona iliyofichika ya zulia. Isiguse terazo wala mawe ya marumaru halisi, inayala. Zulia likishakauka, nyunyiza bekingi soda, acha saa kadhaa mbwa akiwa chumba kingine, fagia. Ni bekingi soda, si bekingi poda, na si magadi. Magadi ni makali zaidi na huchubua.

Jiki usimwage juu ya mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma mapafu, yako na ya mbwa. Usiichanganye na siki pia, hiyo nayo inatoa gesi ya klorini. Na jiki ikitangulia, inaviua vimeng'enya utakavyoweka baadaye. Dawa za sakafu zenye amonia nazo ziache: kwa mbwa zinanuka kama mkojo wa mwenzake, na atajibu.

Sakafu ya saruji isiyopakwa rangi ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu inanywa. Safisha kwa vimeng'enya mara mbili tatu, iache ikauke siku kadhaa, kisha ipake rangi ya sakafu izibe vinyweleo. Kupaka rangi kabla ya kusafisha ni kuifungia harufu ndani. Na kama mbwa aliyezoea nje ameanza ghafla kukojoa ndani, mpime kibofu kabla hujamkaripia.

## Akigaagaa kwenye mzoga, au akikutana na kicheche

Mbwa wa ufukweni hugaagaa kwenye samaki waliooza kwa furaha kubwa. Wa bara huweza kumchokoza kicheche, akapuliziwa. Harufu hizo huwa na kemikali zenye salfa, na shampuu ya kawaida inazipunguza tu. Mwaka 1993 mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, alichapisha mchanganyiko wa kuondoa harufu ya skanki, mnyama wa kule mwenye tabia kama za kicheche, na mpaka leo haujapata mpinzani nyumbani:

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, lita 1
Bekingi soda, robo kikombe
Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko 1 cha chai

Kwa mbwa mdogo, chupa za famasi za peroksaidi zinazofika mililita 250 na kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda zinatosha, sabuni matone machache. Soma lebo: ikiwa ni asilimia 6, ongeza maji kiasi kile kile. Changanya kwenye ndoo ya plastiki iliyo wazi, paka mara moja ukiwa umevaa glavu, acha dakika 5, suuza sana. Usiguse macho, mdomo wala masikio. Kinachobaki kimwage, ukikifungia kwenye chupa kitapasua chupa. Manyoya meusi yanaweza kufifia kidogo.

## Chakula

Ugali na vichwa vya samaki vilivyolala jana hutoka pande zote mbili za mbwa, mdomoni na kwa ushuzi. Maziwa huwavuruga tumbo mbwa wengi wakubwa. Ukibadilisha chakula, kibadilishe polepole kwa siku 7 hadi 10. Vitunguu maji na vitunguu saumu visiingie kwenye sufuria yake, vinaharibu damu. Osha bakuli lake kila siku. Ute ule unaoteleza ndani ya bakuli la maji nao unanuka.

## Usivyopaswa kumpaka wala kumwekea

Nimeona mbwa aliyepakwa oili chafu ya gari kwa ajili ya ukurutu, ngozi imeungua, anajilamba. Nimeona mafuta ya taa yakitumika kuua kupe. Vyote ni sumu, na ngozi iliyoungua hunuka kuliko mwanzo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipimwe kwa kukisia. Kipimo cha mbwa ni cha daktari. Mafuta ya mti wa chai yanayouzwa kama tiba ya ngozi humdhuru mbwa, na vidonge vya nafthalini vya kabatini ni hatari akivimeza. Udi na ubani haviondoi harufu, vinaipa mwenzake tu.

## Wageni, na wiki ya kwetu

Huku pwani majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kwao mate na unyevu wa mbwa ni najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo nimetenga viti viwili na mkeka ambao Popi haukanyagi kamwe, vinahifadhiwa chumbani, na mgeni akibisha hodi Popi anakwenda uani kabla mlango haujafunguliwa. Jirani yangu mtu mzima alipoketi mara ya kwanza nilimwambia wazi kwamba mkeka ule haujaguswa na mbwa. Sasa huja bila kuuliza.

Jumamosi napiga brashi uani, nafua foronya, natoa sponji juani. Jumapili masikio, kwanza kwa pua kisha kwa dawa. Katikati ya wiki ni kufagia nywele chini ya kochi na kufungua madirisha ya pande zote mbili asubuhi. Masika yakiingia naongeza taulo kuukuu mlangoni: Popi hapiti mpaka nyayo nne zimekauka, na foronya ikikataa kukauka kambani naimalizia kwa pasi.